Ziwa Tanganyika na Mashahidi Wake



Mwaka 2024, baada ya mvua nyingi za masika, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu, huko Bujumbura na Uvira na Kalemie, na upande wetu wa Kigoma pia. Jumapili moja, watu walipokwisha kutoka kanisani, walikaa chini ya mwembe wakaanza kubishana. Mzee mmoja akasema ya kuwa tangu dunia kuumbwa ziwa halijafika mahali hapa. Kijana mmoja akafungua simu yake, akasoma ya kwamba zamani za mababu lilifika mbali zaidi. Mwingine akasema simu haina baba wala mama, tena yasema lolote. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mwalimu, wakataka niamue. Wala haikuwa shindano la maneno tu, maana waliokuwapo ni watu waliobomokewa nyumba, nao walitaka kujua kama wajenge tena mahali pale pale au wahame.

Siku ile sikuweza kuwajibu, nami naliona haya. Tangu hapo nimesoma vitabu vya wasafiri wa kale na hesabu za wapimaji wa siku hizi, nikaona ya kuwa habari za ziwa letu si haba, bali ni nyingi mno, nazo zagombana. Basi kazi si kutafuta habari, ila kujua ni shahidi yupi wa kusadikiwa, na kwa jambo gani. Nataka kuwasimulia jinsi watu walivyoulizana juu ya maji haya kwa muda wa zaidi ya miaka 20, hata jibu likapatikana.

Twajua wote kwamba Torati yataka mashahidi wawili au watatu ili neno lithibitike. Ni sheria njema. Lakini tusidhani kwamba wingi wa mashahidi watosha peke yake. Katika mwaka 1855 wamisionari wawili waliokaa pwani, Bwana Erhardt na Bwana Rebmann, walichora ramani ya bara. Wao wenyewe hawakuwa wamefika kwenye maziwa. Waliwauliza watu wa misafara, wale waliokuwa wakienda bara kutafuta pembe, na kila mmoja, njia yo yote aliyoishika, ya kaskazini au ya kati au ya kusini, alisema kwamba mwisho wa safari yake alikuta maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo. Wale mabwana wakafikiri, Maji ni yale yale. Basi wakachora ziwa moja tu, refu, nene, lililojipinda mfano wa koa, yaani konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilipofika London watu wengine waliicheka sana.

Mimi siwacheki. Bwana Rebmann ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei mwaka 1848, na bwana mmoja mwenye elimu nyingi huko Uingereza, jina lake Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima ule, alimkanusha kwa miaka mingi kwa nguvu ya vitabu vyake. Kwa hiyo Rebmann aliyajua maumivu ya shahidi asiyesadikiwa. Labda ndiyo sababu aliwasadiki watu wa misafara. Tena wale watu hawakusema uwongo hata mmoja. Mmoja aliyaona maji ya Nyanza, wa pili ya Tanganyika, wa tatu ya Nyasa. Ushuhuda ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa katika kuunga. Hakuna aliyeuliza, Je, ninyi watatu mmeona maji mamoja au maji matatu?

Aliyelijibu swali hilo alikuwa Mwarabu wa Kaze, karibu na Tabora ya leo, Snay bin Amir, mfanyi biashara aliyezijua njia zote za bara. Burton na Speke walipofika kwake Novemba 1857, aliwaambia wazi kwamba maziwa yale ni mbalimbali. Neno lake moja lilikuwa na uzito kuliko ramani nzima, kwa kuwa alijua nani alikwenda wapi.

Burton na Speke waliliona Tanganyika mwezi wa Februari mwaka 1858. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, hata hakuweza kuliona vema. Walitaka kujua mambo mawili, kimo cha ziwa juu ya bahari, na mahali maji yanapotokea. Kimo walikitafuta kwa kuchemsha maji, maana kadiri mtu apandavyo juu ndivyo maji yachemkavyo kwa moto mdogo zaidi, na kipimajoto huonyesha tofauti. Lakini vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimevunjika, wakatumia kimoja cha namna wanayotumia Wazungu kupimia maji ya kuoga. Wakapata futi 1,844. Kweli yenyewe ni zaidi ya futi 2,500. Tazameni! Kosa la futi mia kadha, nalo liliandikwa kwa tarakimu nne, likachapwa katika vitabu, na tarakimu zina sura ya kutisha; mtu akiziona huona haya kuuliza zilipatikanaje. Walakini kipimo kibaya ni shahidi mbaya, hata kikiwa cha kioo na zebaki.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Upande wa kaskazini wa ziwa uko mto Rusizi. Je, mto huo waingia ziwani, au watoka? Kama watoka, yamkini ndio mwanzo wa Nile, na wale mabwana walikuwa wakiitafuta Nile kuliko kitu cho chote. Speke alivuka ziwa kwenda Kasenge, na huko shehe mmoja, Hamed bin Sulayyim, akamwambia (ndivyo alivyofahamu Speke) kwamba uko mto mkubwa wa kaskazini utokao ziwani. Furaha ilikuwa kubwa. Wakaenda kwa mitumbwi hata Uvira, wakafika mwishoni mwa Aprili. Hapo wakaja vijana watatu, wana wa mfalme Maruta, wakaulizwa. Wakasema wote kwamba Rusizi huingia ziwani. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wao, akaeleza kwamba bwana Speke hakuyafahamu maneno ya shehe. Shehe naye alikuwa amesema mto waingia.

Hapa nitatia neno langu mwenyewe, nalo ni dhana tu. Speke hakujua Kiswahili. Yeye na Bombay waliongea Kihindustani. Basi maneno yalitoka kinywani mwa shehe, yakapita Kihindustani, yakaingia Kiingereza. Sasa sisi tusemao Kiswahili twajua ya kuwa mtu akisema, "Mto watoka kaskazini," maana yake ni kwamba waja kutoka huko. Lakini msikiaji mwenye tamaa ya Nile aweza kulishika lile neno "watoka" na neno "kaskazini", akaviweka apendavyo, na mto ukageuka ukapanda mlima. Naona neno moja dogo la lugha yetu laweza kuchezea mto mzima.

Burton na mwenziwe hawakuufikia mlango wa Rusizi, kwa kuwa wapiga makasia walikataa kwenda mbele kwa hofu ya vita. Hata hivyo walikuwa na ushuhuda wa watu watatu, wenyeji, waliokaa kando ya mto wenyewe. Burton aliuandika katika kitabu chake, akakiri kwamba moyo wake ulivunjika. Lakini baadaye Speke akapata sifa kwa Nyanza, wakagombana, na mwaka 1864 Burton akageuka, akaandika kwamba yamkini Rusizi watoka baada ya yote. Hakuwa ameongeza safari yo yote wala shahidi ye yote. Alilokuwa ameongeza ni ugomvi. Mtu akitaka kupima kitabu, na aangalie pia mwandishi alimkasirikia nani alipokuwa akiandika.

Ikapita miaka 13 tangu safari ya Uvira. Mwezi wa Novemba mwaka 1871 Dr. Livingstone na Bwana Stanley walikwenda pamoja kwa mtumbwi kutoka Ujiji hata kaskazini kabisa, wakaingia katika mlango wa Rusizi, wakaona kwa macho maji yakija kuwalaki. Wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli.

Sasa fumbo likazidi. Mito yote iliyojulikana yaingia, na maji ya ziwa ni matamu. Bahari ya Chumvi, ile ya Biblia, hupokea Yordani wala haina pa kutokea, kwa hiyo chumvi imejaa humo. Kama Tanganyika lina maji ya kunywa, hapana budi liwe na mlango mahali fulani. Upi?

Bwana Cameron, askari wa bahari, alifika Ujiji Februari 1874. Akaikodi mitumbwi, akazunguka nusu ya kusini ya ziwa, akaihesabu mito iliyoingia katika sehemu ile, akapata 96, pasipo kuhesabu vijito. Hata mwezi wa Mei akafika upande wa magharibi, mahali panapoitwa Lukuga, akakuta njia ya maji ielekeayo magharibi, imezibwa nusu na fungu la mchanga. Akaingia maili nne au tano, akaona mkondo mdogo ukienda nje, kisha majani na mafunjo yaeleayo yakamzuia. Mkuu wa mahali pale akamwambia kwamba maji hayo huenda hata Lualaba. Cameron akaandika kwamba mlango umepatikana.

Miaka miwili baadaye, Julai 1876, akaja Stanley mara ya pili. Viongozi wake ziwani walikuwa watu wawili wa Ujiji, Para, aliyekuwa pamoja na Cameron, na Ruango, aliyekuwa na Livingstone na Stanley mwaka 1871. (Majina haya mawili yafaa kukumbukwa, mabwana walibadilika, wao walikuwa wale wale.) Stanley akaupima mkondo wa Lukuga kwa bidii, akaona maji yamesimama, au yaenda huku na huku kwa upepo. Akasema Cameron amekosea. Lakini aliongeza neno la maana sana. Aliona kwamba ziwa linapanda. Ufuko wa Ujiji alipotembea na Livingstone mwaka 1871 sasa ulikuwa ndani ya maji, na wenyeji walimweleza habari za kupanda huko. Basi akasema, Leo Lukuga si mlango, lakini maji yakizidi kupanda kidogo yatavunja kizuizi na kutoka.

Huko Ulaya watu wakagawanyika, hawa wa Cameron, hawa wa Stanley, kama Wakorintho. Ikadhaniwa kwamba mmoja wao ni mwongo.

Kisha mwaka 1878 akafika Ujiji Bwana Edward Hore wa London Missionary Society, baharia wa kazi. Mwaka 1879 alikwenda Lukuga, akakuta kizuizi kimevunjika, na maji yakikimbia kwenda magharibi kwa nguvu nyingi. Mwisho wa mwaka ule ule akapita Bwana Joseph Thomson, akaona vilevile. Basi Cameron alisema kweli, Stanley alisema kweli, na Thomson alisema kweli, ila kila mmoja kwa siku yake. Wasomaji wao ndio waliokosa, kwa kulisoma ziwa kama jiwe lisilobadilika. Walisoma jina la mwandishi wasisome mwaka.

Sababu ya mambo hayo yajulikana sasa. Maji yanayoingia Tanganyika huja kwa mvua na kwa mito, hasa Rusizi na Malagarasi. Lakini sehemu kubwa ya maji yapoteayo haipiti Lukuga. Yapanda hewani kwa jua, maana uso wa ziwa ni mpana na urefu wake ni zaidi ya kilometa 650. Miaka ya mvua chache ikifuatana, ziwa hushuka chini ya kizingiti cha Lukuga, mto hukoma, na mchanga na mafunjo huziba mlango. Mvua zikirudi, ziwa hupanda nyuma ya kizuizi mwaka hata mwaka, kama maji nyuma ya tuta la shamba, hata siku ya kuvunjika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1878. Baada ya hapo ziwa lilishuka kadiri ya meta 10 kwa muda wa miaka 15 au zaidi kidogo.

Hore alifanya jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko safari zote hizi. Aliweka alama ya maji pale Ujiji, akawa akiiangalia na kuandika. Kabla yake kila mtu alisema "ziwa limepanda" au "ziwa limeshuka" kwa kukumbuka. Tangu alama ile, mtu wa siku nyingine, asiyemjua Hore, aliweza kulinganisha. Kazi yenyewe haina sifa, maana hapana anayeandikwa magazetini kwa kutazama kigingi, lakini faida yake haifi. Wabelgiji walipima joto la maji ya kilindi katika miaka ya 1912 na 1913. Na mwaka 2003, miaka 90 baadaye, wataalamu walivichukua vipimo vya mwaka 1913 wakavilinganisha na vyao, wakaonyesha kwamba maji ya chini yameongezeka joto. Bila daftari lile la kale wasingaliweza kusema neno. Huko Entebbe, kimo cha Nyanza kimeandikwa tangu mwaka 1896. Na tangu mwaka 1992 setilaiti zipitazo juu mbinguni hupima uso wa maziwa makubwa, zikipeleka mshindo hata majini na kuhesabu muda wa kurudi kwake.

Nilipokwisha kusoma hayo nalirudi kwa yule kijana, nikamwomba anionyeshe tena maneno ya simu yake. Yalisema kwamba ziwa lilifika kimo cha "783". Basi. Hapakuwa na mwaka, wala meta au futi, wala kuhesabiwa toka wapi. Maana mmoja huhesabu toka usawa wa bahari, na mwingine toka sufuri ya kigingi cha bandarini, na hesabu hizo mbili hazifanani kabisa. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, ni kimo cha mwaka 1878, meta juu ya bahari. Lakini ilikuwa imenakiliwa na mtu aliyenakili kwa mtu, hata imepoteza nguo zake zote njiani. Yule mzee naye nalimwuliza kwa adabu amezaliwa mwaka gani. Akasema mwaka 1967. Kumbe baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 Nyanza ilipanda zaidi ya meta 2, na Tanganyika nalo likapanda, likafika kilele chake mwaka 1964. Mzee alizaliwa maji yakiwa yameanza kurudi. Hakusema uwongo, alishuhudia maisha yake mwenyewe, akayaita tangu dunia kuumbwa. Mama mmoja mkongwe, ambaye hakuulizwa siku ile kwa kuwa alikaa mbali na wanaume, alituonyesha mahali alipofungia mtumbwi wa babaye alipokuwa msichana. Pako juu ya msingi wa nyumba tatu zilizobomoka.

Kwa hiyo nimewajibu watu wetu hivi. Maji ya mwaka 1878 yasiwatishe kupita kiasi, kwa kuwa wakati ule Lukuga ilikuwa imezibwa, na leo iko wazi. Lakini mwaka 1964 Lukuga ilikuwa wazi pia, na mwaka 2024 vilevile, na maji yalikuja. Ajengaye chini ya mahali alipofungia mtumbwi yule mama hajengi pwani, ajenga ziwani wakati ziwa halipo nyumbani. Wawili wamekubali kuhama. Wengine wasema hawana kiwanja kingine, nami sina la kuwaambia juu ya hilo. Ni neno la wazee na serikali ya kijiji.

Atakaye kujua zaidi na aende Kigoma, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, au kwa watafiti wa samaki wa TAFIRI, aulize kwa upole, na aulize pia kipimo kilichukuliwa wapi na lini. Hawachukii kuulizwa hivyo. Nionavyo mimi, mpimaji wa kweli hufurahi.

Nina ombi moja. Katika makanisa ya kando ya ziwa yako madaftari ya makatekista wa zamani, na barua, na vitabu vya wazee wa kanisa, ambamo mtu aliandika tu kwamba Jumapili fulani ibada haikufanyika kwa sababu ya maji, au kwamba mitumbwi ilifungwa penye ngazi. Mengine nimeyaona yakifungiwa karanga sokoni. Aliye na daftari la namna hiyo, hata kama kurasa zimeliwa na mchwa, na anakili yale maneno pamoja na tarehe na jina la mahali, ampelekee mhariri wa gazeti hili, na daftari lenyewe alirudishe sandukuni.